Umejuaje? Tathmini ya mzazi juu ya darasa la mdahalo la Jumamosi, Chake Chake

Binti yangu wa kidato cha pili amemaliza wiki nane katika darasa la mdahalo linaloendeshwa kila Jumamosi asubuhi hapa Chake Chake, Pemba, katika chumba cha kukodi kilicho mwendo mfupi kutoka sokoni. Wazazi wenzangu kadhaa wameniuliza kama ada yake, ambayo ni shilingi 30,000 kwa msimu mzima, inalingana na kile mtoto anachokipata. Jibu langu ni kwamba inalingana, na kwa sehemu kubwa imezidi nilivyotarajia, ingawa siku ya mwisho ya msimu iliniudhi kiasi cha kunifanya nikae na waendeshaji kwa saa nzima. Jina la darasa sitaliandika, kwa kuwa nitazitaja kasoro ambazo wameniahidi kuzirekebisha, na nisingependa zibakie zimeshikamana na jina lao baada ya kazi hiyo kufanyika. Walio Chake watalitambua, na walio Wete au Mkoani wakiulizia watalipata.

Nianze kwa kueleza kwa nini jambo hili linanigusa. Kabla ya kuacha kazi nilifundisha Historia skuli ya sekondari kwa miaka kumi na mbili, na katika miaka hiyo neno lililonisumbua kuliko yote kwenye karatasi za mitihani lilikuwa “jadili”. Mwanafunzi akiliona neno hilo anaandika hoja sita alizozikariri, kila moja na kichwa chake cha habari na maelezo ya mistari minne, kisha anafunga kwa sentensi inayofanana na ya jirani yake. Sikuwalaumu watoto, kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha sisi wenyewe, tukihofia muda na silabasi. Lakini kijana anayeweza kutaja sababu sita za jambo fulani bila kuweza kusema ni ipi kati ya hizo sita yenye uzito zaidi, na kwa nini anaiona hivyo, bado hajajadili chochote. Amehifadhi, kama anavyohifadhi majedwali ya kuzidisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna vijana wawili, mmoja mwalimu wa Jiografia na mwenzake aliyesomea sheria, wanaotaka kuwafundisha watoto kujenga rai yao wenyewe na kuitetea mbele ya watu, nilimwandikisha binti yangu siku ile ile.

Darasa lina wanafunzi 22, wengi wao wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, na kila mmoja hupewa kijitabu kilichotolewa fotokopi chenye safu tatu katika kila ukurasa. Safu ya kwanza imeandikwa “Nasema nini”, ya pili “Nimejuaje”, na ya tatu “Kwa nini hili linalithibitisha lile”. Anayejua habari hizi atatambua kwamba mpangilio huo unatokana na kazi ya mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, aliyeeleza mwaka 1958 kwamba hoja ya kawaida ya watu ina dai, ina ushahidi, na ina kiungo kinachoupeleka ushahidi kwenye dai. Safu mbili za kwanza watoto huzijaza kwa urahisi baada ya wiki moja au mbili. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo iliyonifanya niheshimu kazi ya walimu hawa, maana hawaipiti haraka. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba mara kadhaa, na mara nyingi niliwaona wakitumia zaidi ya nusu ya kipindi kwenye safu hiyo peke yake.

Mfano wa wiki ya pili ulikuwa huu. Mvulana mmoja alisema kwamba Pemba ina karafuu nyingi kuliko Unguja kwa sababu watu wa Pemba ni wachapa kazi zaidi. Darasa zima lilimuunga mkono, kama inavyotarajiwa, na mimi pia moyo wangu ulikuwa naye. Mwalimu akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba karafuu zenyewe ndizo ushahidi, kwani tunaziona. Mwalimu akamwambia kwamba karafuu zinathibitisha kuwa karafuu zipo, na akawapa wiki moja watafute kama kuna sababu nyingine inayoweza kuleta matokeo hayo hayo. Jumamosi iliyofuata wanafunzi watatu walirudi na habari ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na kwamba tangu hapo uzito wa zao hili ukahamia kisiwani kwetu. Mvulana yule hakuaibishwa. Aliambiwa aandike upya safu ya kwanza, naye akaandika kwamba uchapakazi unaweza kuwa na mchango lakini kimbunga kinaeleza mambo mengi zaidi, na kwamba yeyote anayetaka kuutetea uchapakazi lazima aonyeshe Unguja walifanya nini baada ya kimbunga. Sentensi hiyo ya mtoto wa miaka kumi na minne ningefurahi kuisoma kwenye karatasi ya kidato cha sita.

Jambo jingine lililonipendeza ni namna walimu walivyoanzia kwenye kitu ambacho watoto wetu wanacho tayari. Karibu kila mtoto aliyemo mle ndani amepita chuoni, yaani chuo cha Kurani, na anajua kwamba hadithi ya Mtume ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina sanadi, yaani mlolongo wa walioipokea, na kwamba wanavyuoni hawaipokei matini kabla hawajaiangalia sanadi: nani kapokea kutoka kwa nani, na kama kila mmoja wao ni mtu wa kuaminika. Mwalimu wa sheria aliliweka swali lake kwa lugha hiyo hiyo. Mtoto akileta habari aliyoiona kwenye simu, anaulizwa sanadi yake. Nani kaandika, kapata wapi, na aliyempa alikuwapo au naye kasikia? Msichana mmoja akakumbusha kwamba Sura ya Al-Hujurat, aya ya sita, inaamrisha habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi, na tokea siku hiyo aya hiyo ikawa inatajwa kila wiki. Mimi nilikuwa nikifundisha uchambuzi wa vyanzo vya Historia kwa istilahi nzito ambazo watoto walizisahau kabla ya kengele kulia, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mlango wa kuingilia ulikuwa wazi pale chuoni kwao.

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho sitakisahau, kile cha bei ya karafuu, ambacho kilichukua Jumamosi mbili kamili. Mada iliandikwa ubaoni hivi: “Wakulima waruhusiwe kuuza karafuu kwa mnunuzi wanayemtaka.” Kwa wasio wenyeji, karafuu ya Zanzibar ina mnunuzi mmoja tu kisheria, yaani Serikali kupitia shirika lake la biashara, ZSTC, na kuipeleka kwa magendo ni kosa. Hakuna nyumba Pemba isiyokuwa na maneno juu ya jambo hili. Kila mtoto mle darasani amewahi kuchambua karafuu usiku, kutenganisha makonyo, kuanika kwenye majamvi na kukimbia kuzianua mvua inapotisha, na wengine wamechuma kwa malipo ya pishi. Kwa maneno mengine, hawakukosa uzoefu. Walichokosa ni njia ya kuufanya uzoefu huo uwe ushahidi.

Msichana mmoja, ambaye baba yake ana mikarafuu ya urithi, alisimama na kusema, “Baba anasema tunadhulumiwa.” Mwalimu akauliza swali lake la kila siku: baba amejuaje? Chumba kikanyamaza. Kwa mtoto wetu, kuuliza baba amejuaje ni karibu na kusema kwamba baba ni mwongo, na uso wa yule binti ulionyesha kwamba hakutaka kabisa kulijibu swali lile. Hapa ndipo nilipomwona mwalimu kweli. Aliweka chaki chini, akamwambia kwa upole, “Mwanangu, mimi simtii baba yako dosari. Baba ana jambo analolijua. Kazi yetu sisi ni kumtafutia ushahidi, ili akilisema mbele ya watu wasiweze kumpuuza.” Kisha akamuomba, baba akiridhia, alete risiti yoyote ya mauzo iliyopo nyumbani.

Wiki iliyofuata binti alileta risiti mbili, zimekunjwa ndani ya daftari, na baba mwenyewe akaja naye, akakaa nyuma karibu na mimi. Darasa likaanza hesabu. Walimu walieleza kwamba sera iliyotangazwa ni mkulima kulipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, kwamba bei hiyo hutajwa kwa dola kwa tani, na kwamba anayetaka kuilinganisha na risiti lazima aigeuze kuwa shilingi kwa kilo. Kwa kuwa hawakuwa na bei ya uhakika ya siku ile iliyoandikwa kwenye risiti, walitumia tarakimu za mfano na wakasema waziwazi kwamba ni za mfano. Tuseme tani ni dola 8,000, basi kilo ni dola 8. Tuseme dola ni shilingi 2,500, basi kilo ni shilingi 20,000. Asilimia 80 yake ni shilingi 16,000. Niliwaona watoto ambao wanalichukia somo la Hisabati wakiifanya hesabu hiyo mara ya pili na ya tatu kwa tarakimu nyingine, ili waone bei ya dunia ikishuka nusu mkulima anabakiwa na nini.

Halafu mwalimu wa Jiografia akaingiza jambo ambalo wengi hawakulijua, kwamba Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote na wakati huo huo ndiyo mtumiaji mkubwa kuliko wote, kwa sababu ya sigara zao zinazotiwa karafuu. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu zake, soko letu likaporomoka, na bei ya dunia ikaendelea kuwa duni sana katika miaka ya 1990. Yule baba aliyekaa karibu yangu akanyanyua mkono kama mwanafunzi na kusema kwamba miaka hiyo ndiyo aliyokuwa akiikumbuka, wakati ambapo watu waliziacha karafuu zidondoke kwa sababu malipo hayakutosha hata kumlipa mchumaji. Mwalimu akamwambia, “Marahaba, ami, basi tumeipata sanadi,” na akamuomba aeleze kwa kirefu, naye akaeleza kwa dakika kumi.

Mwisho wa kipindi binti alirudi kwenye kijitabu chake. Hakuandika tena kwamba tunadhulumiwa. Aliandika kwamba anapinga mada, yaani anaukubali mfumo wa mnunuzi mmoja, kwa kuwa mkulima mdogo mwenye magunia machache hawezi kujadiliana na mfanyabiashara mkubwa wakati bei ya dunia imeanguka. Lakini akaongeza sharti, kwamba katika kila kituo cha ununuzi ibandikwe hesabu ya jinsi bei ya siku ilivyopatikana, kuanzia dola mpaka shilingi, kwa Kiswahili, ili mkulima aweze kuihakiki kwa kalamu yake mwenyewe. Mvulana aliyekaa mbele yake alifikia msimamo wa upande wa pili kabisa, na alikuwa na sababu nzuri pia: alisema kwamba mnunuzi wa pili, hata akiwa mdogo, humfanya wa kwanza awe makini. Walimu hawakusema ni nani aliye sahihi. Nilimuuliza mwalimu kwa nini, akasema kwamba akitaja upande wake, kuanzia wiki ijayo watoto wataacha kutafuta ushahidi na kuanza kumtafuta yeye. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu katika miaka yangu ya kufundisha nilikuwa nikitoa rai yangu mapema sana, kila mara, nikidhani ninasaidia.

Kipindi cha mifuko ya plastiki kilikuwa cha aina nyingine. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambako katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Swali lilikuwa kama katazo linafanya kazi. Walimu waliwatoa watoto nje, wakawaweka wawili wawili kwenye njia za kuingilia sokoni kwa muda wa saa moja, kila jozi na karatasi yake ya kuhesabia. Waliporudi, jozi mbili zilizosimama mahali pamoja zilikuwa na idadi zilizopishana vibaya. Ikazuka kelele, kila mmoja akidai mwenzake kakosea, mpaka ilipobainika kwamba jozi moja ilihesabu vifuko vyepesi vya kufungia samaki na ukwaju na jozi nyingine haikuvihesabu, ikiamini kwamba hivyo ni vifungashio wala si mifuko. Mwalimu aliwaacha wabishane juu ya maana ya neno “mfuko” kwa karibu nusu saa. Mzazi aliyepita mlangoni angeweza kudhani muda unapotea. Mimi niliona kitu ambacho watu wazima wengi kwenye mabaraza yetu hatukijui, kwamba ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa rai huwa ni wa maana ya neno, na kwamba ukikubaliana na mwenzako maneno yanamaanisha nini, nusu ya ugomvi huondoka.

Zipo mada nyingine zilizopita kwa haraka mno. Ya popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, ilipewa dakika arubaini tu, na ya ujenzi mpya wa Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ilifanywa bila hata picha moja ya jengo lenyewe, jambo lililowafanya watoto ambao hawajawahi kufika Unguja wazungumzie kitu wasichokiona. Ningependelea mada tano zenye kina kuliko nane zenye mbili tatu za kujazia.

Kanuni moja ya darasa hili ningependa walimu wa skuli zetu waichukue kesho. Kabla ya kumpinga mwenzako, lazima uirudie hoja yake kwa maneno yako, na yeye ndiye anayeamua kama umeirudia sawasawa. Akisema bado, unarudia tena. Mara ya kwanza nilipoona, mvulana mmoja alirudia mara nne, na mara ya nne alipokubaliwa alisimama kidogo, akasema hana tena haja ya kupinga sehemu ya kwanza ya hoja ile, atapinga ya pili tu. Pia kuna Jumamosi ambayo pande hubadilishwa bila taarifa, aliyetetea akapinga na aliyepinga akatetea. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba hilo linawafundisha watoto unafiki. Siwezi kukubaliana nao. Mtoto haambiwi adai kwamba anaamini asichokiamini. Anaambiwa aonyeshe kwamba anaijua hoja bora kabisa ya mtu asiyekubaliana naye, na asiyeijua hiyo hawezi kuitetea yake kwa uadilifu.

Juu ya heshima, ambayo ndiyo hofu ya kwanza ya wazazi wengi niliozungumza nao, niseme nilichokiona kwangu. Wiki ya tano ulizunguka ujumbe wa sauti kwenye simu ukidai kwamba mitihani imeahirishwa. Bibi yake binti yangu akaupokea na kufurahi kwa niaba ya mjukuu. Binti akampigia magoti, akamwambia, “Bibi, samahani, tuangalie kwanza nani kausema,” akausikiliza mpaka mwisho, na kumuonyesha kwamba msemaji hakujitaja jina wala kutaja tarehe. Bibi hakukasirika. Nyumba nyingine zitakuwa na hadithi nyingine, na nimesikia ya kijana aliyemkatisha ami yake kwa swali la “umejuaje” mbele ya wageni, na akastahili kukemewa. Walimu walipolisikia hilo walitumia kipindi kizima kuwafundisha watoto jinsi ya kuuliza: uliza baada ya mkubwa kumaliza, uliza ukitaka kujua, na baadhi ya mambo uliza mkiwa wawili. Ningependa somo hilo liwe la wiki ya kwanza, kwa sababu lilipokuja baada ya wiki ya tano lilikuwa tayari limechelewa kwa kijana yule.

Nikifika kwenye siku ya mwisho, lazima niseme kwa uchungu. Wazazi na wageni walialikwa, viti vikaazimwa, kukawa na mashindano ya pande mbili, na mshindi akaamuliwa kwa makofi. Wiki saba watoto walikuwa wamefundishwa kwamba wingi wa sauti hauthibitishi kitu, na katika wiki ya nane wakapewa tuzo kwa wingi wa sauti. Upande uliokuwa na jamaa wengi ukumbini ulishinda, na kila mtu alijua ndio sababu. Waendeshaji walinieleza kwamba wageni hupenda mashindano na kwamba bila shangwe msimu ujao hautapata watu. Nawaelewa, kodi ya chumba hailipwi kwa nia njema. Hata hivyo zipo njia za kuwapa wageni shangwe bila kukiharibu kilichojengwa. Wangeweza kuwauliza wageni wapige kura kabla ya mdahalo na baada yake, na ushindi ukaenda kwa upande uliobadilisha rai nyingi zaidi. Wangeweza pia kuwasomea vijitabu viwili, cha wiki ya kwanza na cha wiki ya nane, vya mtoto yule yule, na hakuna mzazi ambaye asingeshangilia.

Baya zaidi lilikuwa kwamba mashindano hayo yalifanywa kwa Kiingereza. Najua desturi ya skuli zetu, ambako mdahalo umekuwa ni zoezi la kusema Kiingereza zaidi kuliko zoezi la kufikiri, na najua kwamba tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilipoelekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wazazi wengi wamekuwa na wasiwasi wa lugha hiyo kuliko wasiwasi mwingine wowote. Mimi pia nataka binti yangu akijue vizuri. Lakini yule msichana wa risiti za karafuu, ambaye kwa Kiswahili aliieleza tofauti ya bei iliyotangazwa na bei inayoweza kuhakikiwa mpaka baba yake akafuta machozi, alisimama siku hiyo na kusema salamu ndefu aliyokaririshwa, sentensi tatu fupi, na ahsante. Hoja yake yote ilibaki mdomoni. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa Afrika Mashariki nzima, na inaniuma kwamba katika visiwa hivi hivi mtoto anafundishwa, bila mtu kumwambia, kwamba fikra yake ikiwa kwa Kiswahili haitoshi kuonyeshwa kwa wageni.

Mengine ni madogo. Chumba kina joto na feni moja tu, na kuanzia saa tano watoto wa nyuma hawasikii kwa kelele za gari za abiria. Fotokopi za kijitabu zimefifia kurasa za mwisho. Walimu hawakuwapeleka watoto hata mara moja kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe, ambayo ni mwendo wa miguu, wakati mada tatu kati ya nane zilihusu historia ya Pemba. Kwa ada ile sikutarajia jumba la kifahari, lakini hilo la makumbusho lisingewagharimu kitu kikubwa.

Tulipokaa pamoja, waendeshaji waliandika malalamiko yangu mawili makubwa katika safu ya kwanza ya kijitabu, wakaniomba nijaze safu ya pili na ya tatu. Nilijaza. Wamekubali kwamba msimu ujao mashindano ya mwisho yatakuwa kwa Kiswahili, na kutakuwa na kipindi tofauti cha kutafsiri hoja kwa Kiingereza kwa wale wanaotaka, baada ya hoja yenyewe kukamilika. Kuhusu makofi, wamesema watajaribu kura ya kabla na baada, ingawa hawajaahidi.

Kwa mzazi anayefikiria kuandikisha: darasa linaanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa sita, ili watoto wawahi nyumbani kabla ya adhuhuri. Linafaa zaidi kuanzia kidato cha kwanza. Mdogo wake binti yangu, wa darasa la sita, alijaribu Jumamosi moja na safu ya tatu ikamshinda, kwa hiyo nitamngojea mwaka mmoja. Mtoto mkimya asizuiliwe, kwani wanaanza kwa kuandika na hakuna anayelazimishwa kusimama kabla ya wiki ya tatu. Anayetoka Wete au Mkoani ahesabu nauli ya wiki nane juu ya ada, kwa sababu hakuna punguzo kwa wanaotoka mbali. Mzazi aulize pia kama anaweza kukaa nyuma ya chumba siku moja moja. Mimi niliruhusiwa kwa sababu niliomba, na wazazi wengine hawakujua kwamba inawezekana.